Saa ya Mkwe Kando ya Barabara ya Nzega

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, niliimaliza nikiwa nimepiga magoti kando ya barabara ya Nzega, nachekecha vumbi kwa chekeche la unga, na mzee niliyekuwa nataka kumwoa binti yake amekaa kitini ananitazama. Cheka tu. Bibi yako anacheka mpaka leo, na yeye siku hiyo hakuwepo, alisimuliwa.

Nakusimulia kwa sababu ulipokuja Ijumaa ulinionyesha kwenye simu picha ya nyumba unayotaka kununua, kando kabisa ya lami, ukasema, "Babu, hapa ukifungua mlango tu, uko barabarani." Ulisema kwa kujisifu. Mimi nikanywa chai yangu, ukadhani nimekubali. Nilikuwa namkumbuka kijana mwingine, mwembamba kuliko wewe na mwenye kichwa kigumu kuliko chako, aliyewahi kusema maneno hayohayo.

Miaka ile nchi ilikuwa changa, na sisi vijana tulidhani imepatikana kwa ajili yetu tu. Ujamaa ulikuwa mdomoni mwa kila mtu, magari ya ushirika yakisomba pamba na tumbaku kuleta stesheni. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Bukene nikaja Tabora mjini na begi moja na ufundi mmoja, kutengeneza saa. Nilikuwa na meza ndogo kwenye baraza ya duka fulani pale Mtendeni, na juu yake bisibisi nyembamba, kibano, na ile lenzi ya kubana jichoni. Maneno ndiyo yalikuwa mengi kuliko vifaa. Mtu akileta saa iliyosimama, naiweka sikioni, natikisa kichwa, nahema, mpaka mwenyewe anaanza kuisikitikia. Nilijiona kweli!

Nyuma ya duka hilo ndipo alipokuwa akiishi Mzee Mrisho, mstaafu wa reli, pamoja na binti yake Zuhura. Huyo Zuhura ndiye bibi yako. Nilipotuma mshenga kupeleka posa, jibu lilirudi haraka. Mzee hana neno na mimi, ila binti yake haendi kuanza maisha kwenye chumba cha kupanga, wapangaji sita choo kimoja. Nitafute kwanza mahali pa kukaa, pangu mwenyewe, ndipo tuzungumze.

Basi nikatafuta. Na nikapata, au nilidhani nimepata. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati jipya, baraza pana ya saruji, iko Ipuli, imetazamana uso kwa uso na barabara ya Nzega. Mwenyewe, mzee mmoja mcheshi, alikuwa anahamia kijiji cha ujamaa kwa ndugu zake. Nilikwenda kuiona Jumapili moja ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, ardhi imeloa, hewa safi. Kwa muda wote niliokaa zilipita baiskeli mbili, na mmoja wa waliozipanda akaniinulia mkono, "Mwangaluka!" Nikaitikia kwa furaha kama mwenye nyumba. Moyoni nikasema, yamekwisha, ni hapahapa. Kila anayekwenda Nzega, Shinyanga, Mwanza, atapita mbele ya meza yangu na saa yake mkononi. Nikamwandikia mama, naye, Mungu amrehemu, akauza ng'ombe wetu wawili, ndio hao tu tuliokuwa nao. Unaona, mwanangu? Ng'ombe wa mama na mke wangu mtarajiwa, wote nimeibebesha baraza moja niliyoiona Jumapili moja.

Mjumbe wa nyumba kumi alikubali kuja kushuhudia mauziano siku ya Jumanne. Hapo ndipo Mzee Mrisho alipotuma neno kwamba angependa naye aione nyumba kabla sijaweka dole gumba. Akachagua mwenyewe siku, Jumatatu. Kiangazi kilikuwa kimeshaingia, pamba imeshavunwa.

"Na uje na meza yako," akaongeza. "Saa yangu inachelewa siku hizi. Utaisafisha hapohapo huku tunazungumza."

Saa hiyo ilikuwa ya mfukoni, yenye mkufu, amekaa nayo miaka yote ya kazi yake ya reli. Hakuna fundi mjini aliyewahi kuruhusiwa kuigusa. Mimi nikajua nimeshaoa.

Asubuhi hiyo tukakaa barazani watatu, mimi mezani, Mzee Mrisho kwenye kiti cha mkono wangu wa kushoto na kanzu yake nyeupe, na mwenye nyumba mkabala naye na kikombe cha chai. Nikatandika kitambaa cheupe, nikaifungua saa, nikapanga vipande kimoja kimoja huku nazungumza, nawaonyesha kwamba ufundi upo mikononi na mdomo uko huru. Mwenye nyumba alikuwa katikati ya hadithi ya jinsi alivyojenga. Ghafla, bila kukatisha sentensi, akafunika kikombe chake kwa kiganja. Sikuelewa. Mzee Mrisho yeye alikitazama kile kiganja kwa makini sana.

Muda mfupi baadaye lori likapita. Sakafu ikatetemeka, meza ikatetemeka, vipande vya saa vikachezacheza kwenye kitambaa, na vumbi likaingia barazani lote, halikubisha hodi. Tukakohoa. Mwenye nyumba akafunua kikombe chake, akanywa, akaendelea na hadithi pale alipoachia.

"Ni moja hilo," nikasema, najichekesha. "Barabara haikosi gari."

"Haikosi," Mzee Mrisho akaitikia.

La pili lilikuja limejaza marobota ya pamba, na nyuma yake la tatu, dereva anataka kulipita. Honi hiyo! Nikaruka, goti langu likapiga meza, na kigurudumu kidogo kuliko vyote, kile kinachoifanya saa ipumue, kikaruka kutoka kwenye kibano. Nilikiona kikimeta mara moja tu katika lile vumbi. Kisha sikukiona tena.

Mwanangu! Saa ya mkwe! Nikaanguka chini kutafuta. Nikapapasa saruji, nikashuka ngazi, nikaanza kukusanya vumbi la mbele ya baraza. Mke wa mwenye nyumba akaniletea chekeche lake. "Chukua, mwanangu," akasema, "ila ukimaliza lipigepige vizuri. Huku unga tunachekecha mara tatu kabla ya kusonga ugali." Nikachekecha mpaka jua likawa utosini, nikachekecha mpaka likaanza kushuka. Magari yalipokuja nilijifunika uso kwa shati, yakishapita nikaendelea. Nilikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kucha, na machozi, sikufichi, yalishaanza kuchora njia mashavuni.

Mzee Mrisho hakuinuka. Karibu na alasiri akaniuliza, "Kijana, magari mangapi yamesimama tangu asubuhi?"

Nikafikiri. Lilikuwa limesimama moja tu. Dereva alitaka maji ya kupoza injini, na mkononi hakuwa na saa.

"Moja," nikasema.

"Na wenye saa wako wapi?"

"Wamepita."

"Wamepita nazo," akasema. "Haya, njoo ukae."

Nikapanda barazani. Akafungua polepole mkunjo wa kanzu yake mapajani, na pale, juu ya kitambaa cheupe pe, kigurudumu changu kimelala kimetulia. Kilikuwa kimemrukia yeye tangu mwanzo.

Nilikasirika! Kama asingekuwa baba yake Zuhura, ningemwambia maneno ambayo leo ningeona haya kuyarudia. Lakini mwenye nyumba akaangua kicheko, mkewe akaangua kicheko mlangoni, na nilipojitazama na lile chekeche mkononi, mimi mwenyewe nikacheka mpaka nikakaa chini.

"Ningekwambia asubuhi kwamba hapa si pa kuishi, ungebisha," Mzee Mrisho akasema. "Una mdomo. Nikaona vumbi likwambie. Mimi nimelala kando ya reli miaka mingi. Treni ina saa zake. Unajua inakuja lini, unainua kikombe, inapita, unakirudisha. Lori haliulizi mtu. Na babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara, njia hiihii. Alituambia kwamba watu wa huku waliuza mtama na asali njiani walikopita wasafiri, lakini makao yao yalikuwa ndani, mbali na njia, mpaka uite ndipo uitikiwe. Walikuwa wanaipenda sana pesa ya msafara, ila hawakutaka kulala nao."

Nikamgeukia mwenye nyumba, nikamwomba radhi kwa kumpotezea muda. Akanipungia mkono. "Usijali, kijana. Unadhani mimi nahama kwa ajili ya ujamaa peke yake?"

Kwa pesa ya ng'ombe wa mama tulinunua nyumba nyingine, hapohapo Ipuli, mtaa wa nne kutoka barabarani. Baraza yake ni nyembamba na bati lilikuwa kuukuu, ndiyo hii tuliyonywea chai Ijumaa. Meza yangu ikabaki Mtendeni, mahali ambapo watu wanatembea kwa miguu na mtu ana nafasi ya kusimama. Zuhura alipoletwa kuiona nyumba kabla ya harusi, hakuuliza habari ya bati wala saruji. Aliuliza, "Nikikuita kutoka uani, utanisikia?" Nikatoka hadi barazani, akaniita, nikasikia. Nimeitwa kutoka uani kule miaka hamsini na zaidi, mwanangu, na kila mara nimesikia, hata zile siku nilizojifanya sijasikia.

Sasa sikiliza ninalotaka kukwambia. Sisemi usinunue. Barabara ina faida zake, na leo kuna lami, vumbi limepungua. Ukipata mgonjwa, gari liko mlangoni, hilo si dogo. Lakini nyumba ile uliiona lini? Ulisema Jumapili jioni. Babu yako naye aliiona yake Jumapili! Rudi siku ya kazi, wakati wa mavuno, ukae barazani tangu asubuhi mpaka jua lizame. Mtazame mwenye nyumba, anafunika nini bila kujijua. Waulize majirani. Nenda ofisi ya barabara uulize mipaka yao inaishia wapi, usije ukaamka siku moja umepigwa alama nyekundu ukutani ukaambiwa ubomoe. Mtoto wako anayetambaa, pima kwa hatua zake ni mbali kiasi gani kutoka mlangoni hadi kwenye matairi. Na kama ni biashara unayoitaka, panga kibanda barabarani, ufunge jioni, urudi kwako.

Saa ya Mzee Mrisho ninayo. Niliirudishia vipande vyake hapa nyumbani, kwenye meza ya kulia, wiki ya kwanza tulipohamia, na haijachelewa tangu hapo. Nimeitoa kabatini nimekuwekea. Itie ufunguo asubuhi, nenda nayo kwenye baraza ile, na mkeo umchukue. Ikifika saa kumi, magari yamepamba moto, mpeleke uani akuite jina lako kwa sauti yake ya kila siku, asipige kelele. Ukimsikia, nunua, na mimi nitakuja kushuhudia.

Mungu akupe nyumba ambayo chai hainywewi imefunikwa, ambayo watoto wanakimbia wakianguka wanaangukia mchanga wao wenyewe, na akupe masikio ya kumsikia anayekuita mpaka uzeeni. Bibi yako ananiita sasa hivi kutoka uani. Ngoja niitike.