Gurudumu la Pampu ya Nawoitorong

Juzi Kakuma nilimwona msichana mdogo ameipindua baiskeli matairi juu, anazungusha gurudumu kisha analiacha lijiendee. Mara nikanusa kutu na mchanga uliolowa wa utotoni mwangu.

Pampu yetu ya maji kijijini Nawoitorong ilikuwa na gurudumu la chuma lililonizidi kimo. Mchana mmoja wa jua kali, Mama alilizungusha mpaka likaanza kuvuma, akaniambia, "Haya, Nakiru, shika wewe." Nilishika mpini, nikawa nainama na kuinuka nao, na maji yakaendelea kumwagika mtungini.

"Mnaona binti yangu anavyovuta maji?" Mama akawaita wanawake waliopanga foleni.

"Ejok, Nakiru! Ejok!" wakapiga vigelegele, wakinisifu kwa Kiturkana kwamba ni vizuri. Niliamini mikono yangu ndiyo inayowanywesha wote.

Siku hizi nafundisha fizikia Lodwar. Najua gurudumu zito hutunza nguvu za aliyelizungusha, likazitoa polepole hata akishaondoka. Nguvu za mchana ule zilikuwa za Mama, zote. Lakini nikiwasimulia wanafunzi kisa hiki, wakaniuliza ni nani aliyevuta maji siku hiyo, huwajibu bila kupepesa macho: ni mimi.