Kaa wa Chimala Wasio na Magando

"Umenitukana, Kasian. Mke wangu kashinda mtoni tangu asubuhi, kakuletea kaa ndoo nzima, wewe unasema takataka!"

"Sijasema takataka, mzee Nkuba. Nimesema hawanifai."

"Kuna tofauti gani?"

Kasian akainamia tena ile ndoo. Kaa walikuwa hai, wanene, wanapandana. Lakini hakuna hata mmoja mwenye magando. Ng'washi, mke wa Nkuba, alikuwa ameyavunja yote akayatupa mtoni.

"Kwetu mgeni hapewi kitu kinachouma," Ng'washi akasema kutoka jikoni. "Hata kuku tunamfunga miguu. Angekung'ata, ungetusemaje huko Iringa?"

Watu walikuwa wamemheshimu, na heshima yenyewe ndiyo imemharibia.

Huyu Kasian ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, wa hapa Mlandege. Ukiuliza mtaani watakwambia hajawahi kumaliza kazi. Useremala aliuacha kitanda kikiwa na miguu mitatu. Utaniboi aliuachia Makambako. Alishuka kununua sigara, hakurudi kwenye lori. Alichumbia pia, akaacha, na nasikia binti alishukuru. Mimi simcheki sana. Sekondari nilitoka kidato cha pili, ukoo wetu una siafu miguuni.

Lakini mwaka ule wa sabini na saba alipata kitu kikamshika. Dokta Saulo wa chuo kikuu alikuwa ameshakusanya kaa na kamba wa baharini, pwani nzima. Sasa alitaka kuwafuata ndugu zao mtoni, aanzie Rufiji inapomwagika, apande na maji mpaka mito midogo ya Usangu. Kila mto utoe kaa wake ndani ya chupa ya spiriti, na kikaratasi humohumo kinachosema katoka wapi, lini. Kiandikwe kwa penseli, maana wino unayeyuka. Mito ya huku juu akapewa Kasian. Akaizunguka kwa miguu, kwa baiskeli, kwa malori. Chumbani kwake chupa zililala kitandani, yeye chini.

Ukabaki mto mmoja, Chimala, na huko ndiko alikofikia kwa Nkuba. Na kesho yake Dokta alikuwa anarudi Dar kwa treni ya TAZARA, Kasian ampe chupa dirishani pale stesheni. Asipompa, mkusanyo unaondoka na pengo, na Mlandege watasema si tulijua.

"Magando na huu mfuniko wa tumboni wa dume ndiyo vinamwambia Dokta huyu ni kaa gani," akamweleza Nkuba. "Hawa wenu ni kama umeniletea mtu hana uso."

Nkuba akanyoosha kidole kwenye kapu la Kasian. "Na yule kwenye chupa? Magando si anayo?"

"Wa Mbalizi huyo, wa kulinganishia."

"Dume?"

"Dume. Nilishika wawili."

"Sasa unatusumbulia nini? Futa Mbalizi, andika Chimala. Kaa ni kaa!"

Kasian aliniambia mwenyewe kwamba aliitoa chupa ile, akaizungushazungusha mkononi. Penseli inafutika vizuri sana. Angefuta, angekula ugali wa watu, angelala.

"Maji ya Mbalizi yanaishia Rukwa, mzee," akasema mwishowe. "Hayafiki baharini. Nikiandika uongo, Dokta atachora ramani kaa anavuka mlima."

"Labda alipanda basi," Ng'washi akasema.

Nkuba akacheka bila kutaka. Akachukua utumbo wa kuku na kipande cha kamba. "Twende, kabla jua halijazama."

Mvua ya mlimani ilikuwa imeutia mto tope, huoni hata mguu wako. Nkuba akafunga utumbo, akaudondosha kando ya matete, akampa Kasian kamba. "Sasa tulia."

Wapi! Akavuta kamba kabla haijaloa. Akahamia jiwe lingine. Akarudi. Akaangalia jua, akahama tena.

"Wewe ng'wanawane, mwanangu wee, una kichaa? Kila akija unamfukuza na miguu yako. Unadhani lori hili la kudandia?"

"Muda unakwisha, mzee."

"Utakwisha hata ukikimbia."

Akamketisha kwa nguvu, akaketi naye, mkono juu ya bega lake kama anavyomshika ndama anayeogopa sindano. Kisigino kikamcheza Kasian, mbu wakamla masikio. Akaja wa kwanza. Mfuniko wa tumboni mpana, jike. Wakamrudisha. Wa pili, jike tena. Kasian akataka kuinuka, ule mkono ukamrudisha chini.

Giza lilikuwa linaanza kuingia kwenye matete. Kamba ikanyooka, pole pole. Nkuba akakaza vidole begani. Ikanyooka zaidi. Ndipo Kasian akatumbukiza mkono.

Kaa akamkamata kidole gumba, damu ikatoka. Mtu yeyote angelivunja lile gando. Kasian hakumtikisa. Alimpandisha akiwa ananing'inia hapohapo kwenye kidole, akamweka juu ya mdomo wa chupa, akauma meno, akangoja mpaka kaa mwenyewe akaachia. Akamgeuza. Mfuniko mwembamba. Magando yote mawili.

"Dume," akasema, akamtia chupani.

"Haya, andika."

Akaandika Chimala, na damu kidogo pembeni ya karatasi. Alikuwa bado anakaza kifuniko cha chupa Ng'washi alipopiga kelele kutoka shambani, akimwita mumewe:

"Baba Bujiku! Ng'ombe zako zimo kwenye mpunga wa watu!"

"Mama yangu! Mimi nafundisha mtu kutulia, nani anafundisha ng'ombe?" Nkuba akaruka matete, akaokota fimbo, hakuaga, akakimbia kwenye tope huku anaziita kwa majina, moja moja, kwa Kisukuma.