Wino wa Zenon Mlangoni

Mji mzima wa Jasło haukuwa na wino uliomshinda Leokadia Pyzik. Miaka thelathini na mmoja alifagia na kupiga deki ngazi za majengo matatu ya nyuma ya stesheni, na miaka hiyohiyo vijana wa majengo hayo waliandika kutani kwa makapeni, ile kalamu nene ya wino usiofutika. Waliandika majina ya timu za mpira, majina ya wasichana, na matusi. Leokadia aliyasoma matusi hayo polepole, herufi kwa herufi, maana shule aliachia darasa la nne, na tusi likiwa zuri alicheka peke yake kabla ya kulifuta. Asubuhi lipo, saa sita halipo. Kijana akirudi shuleni anakuta ukuta unamtazama tu.

Uchawi hakuwa nao. Alikuwa na subira, na fulana kuukuu za mumewe. Kuta za ngazi zile nusu ya chini zimepakwa rangi ya mafuta na nusu ya juu rangi ya maji, na asiyejua tofauti hiyo bora akae kwake. Rangi ya mafuta inaivumilia spiriti. Rangi ya maji haiivumilii, inabanduka pamoja na wino na kukuachia kidonda. Kwa hiyo huko juu alitumia dawa ya meno nyeupe, ile rahisi kabisa, na ncha ya kidole. Huko chini alitumia spiriti isiyo na rangi ya duka la dawa, si ile ya zambarau inayouzwa dukani kwa matumizi ya nyumbani, maana hiyo inauondoa wino halafu inaacha zambarau yake. Umemfukuza mwizi, umemkaribisha ndugu yake. Na usisugue! Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Unalowesha kitambaa, unagusa, unainua. Unageuza upande safi, unagusa tena, unainua. Anayesugua anautandaza wino kama siagi juu ya mkate, kisha anasema ukuta ni mbovu.

Mumewe, Zenon, alikuwa mtu wa reli; yeye alimwita Zenek, naye Zenon alimwita Lonia. Katika nyumba ile wino ulikuwa wa Zenon na spiriti ilikuwa ya Leokadia. Zenon ndiye aliyejaza fomu za pensheni, Zenon ndiye aliyeandika kadi za Krismasi, na kila vuli, jamu ikishapikwa, Zenon ndiye aliyeketi mezani na makapeni kuandika kwenye vifuniko vya chupa: plamu, cheri, tufaha. Chupa ikiliwa ikaisha, Leokadia alikifuta kifuniko kwa spiriti, kikangoja mwaka mwingine. Miaka arobaini na minne waliishi hivyo, mmoja akiandika, mwingine akifuta, wakigombana katikati.

Sasa sikukuu ya Wafalme Watatu, tarehe sita Januari, padre hubariki chaki kanisani, na kila mtu huenda na kipande chake nyumbani kuandika mlangoni: K na M na B, majina ya wale wafalme waliomfuata Mtoto kwa nyota, na misalaba katikati, na mwaka pembeni. Chaki inakaa mwaka mzima, inapauka taratibu, na mwaka mpya ukiingia unaipangusa kwa kitambaa kimoja na kuandika upya. Katika nyumba ya Pyzik aliyeandika ni Zenon, kila mwaka, amepanda stuli.

Mwaka wa elfu mbili ishirini na nne Leokadia alibaki nyumbani na mafua. Zenon alirudi kutoka kanisani anachechemea, akafungua droo ya jikoni, akatoka tena nje ya mlango. Leokadia alichungulia. Kwenye mlango wao mweupe, usawa wa macho, palepale kila mpita ngazi anapopaona, palikuwa na herufi nyeusi tititi.

"Mzee, hicho nini?"

"Wafalme."

"Wafalme gani wamevaa masizi? Chaki iko wapi?"

"Nimeikalia."

"Umeikalia?"

"Nimeteleza kwenye barafu pale mbele ya kanisa. Chaki ilikuwa mfuko wa nyuma. Sasa ni unga. Ukitaka kupikia, umo humu."

"Si ungemwomba jirani, Bi Kazimiera, kipande?"

"Nimwombe Kazimiera! Atangaze mpaka Pasaka kwamba Pyzik amekalia baraka za Mungu? Kalamu nimeinyunyizia maji ya baraka. Imebarikiwa kuliko chaki yao."

"Mlango wangu mweupe, Zenek!"

"Mlango niliupaka mimi."

"Na anayeuosha ni nani?"

"Basi ufute, Lonia. Si wewe ndiye bingwa wa majengo matatu?"

Angenyamaza hapo labda wino ungefutwa jioni ileile. Lakini alimwita bingwa kwa mdomo uliopinda upande mmoja, na Leokadia hakuzaliwa kuchekwa ndani ya nyumba yake. Akaweka mikono kiunoni. "Aliyeandika afute. Spiriti iko chini ya sinki. Mimi siugusi."

"Na mimi sifuti baraka."

Wote wawili walikuwa watu wa neno lao. Theluji ikayeyuka, maua ya tufaha yakachanua yakaanguka, wino bado uko mlangoni. Bi Kazimiera wa mlango wa pili, mwanamke mwenye macho marefu na ulimi mrefu zaidi, hakupita bila la kusema. "Mganga hajigangi, Bi Leokadia!" aliimba akishuka na kikapu. Leokadia alimjibu kwamba mganga yuko likizo.

Mwezi wa kumi, siku ya kutoa mbegu za plamu, Zenon alianguka jikoni. Kiharusi. Alipotoka hospitali baada ya wiki tano, mguu wa kulia ulikuwa unaburuzika, ulimi mzito unatoa neno moja moja kama bomba lililoziba, na mkono wa kulia, mkono wa wino, umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Jamu ya mwaka ule Leokadia aliipika peke yake. Vifuniko havikuandikwa. Ukitaka plamu unafungua, ukikuta cheri unakula cheri.

Siku moja ya mwezi wa kumi na moja Leokadia aliuosha mlango kwa maji ya sabuni, na kitambaa kilipofika kwenye herufi kikasimama. Alikuwa hajawahi kuzitazama. Kwa miezi kumi alikuwa anazikasirikia tu. Mguu wa K umerushwa mbele kama wa mtu anayecheza dansi. M ina mabega ya Zenon. Akajiuliza ni wapi pengine nyumbani mle kuna mwandiko wake. Kadi zilikwenda kwa watu. Fomu zilikwenda ofisini. Vifuniko, vyote, mwaka baada ya mwaka, alivifuta yeye mwenyewe kwa mikono yake na kujisifu. Akakipitisha kile kitambaa cha sabuni kando ya herufi, polepole, kama mtu anayefagia kumzunguka mtoto aliyelala.

Krismasi ikapita. Jumamosi, siku mbili kabla ya sikukuu ya Wafalme, binti yao Mirosława, Mirka wao, alifika na basi kutoka Krosno, mkono mmoja keki ya mbegu za mpopi, mkono mwingine kopo la rangi nyeupe na brashi.

"Mama, Jumanne padre anakuja kubariki nyumba, na mlango wenu unasema mwaka wa jana. Naupaka leo, mpaka Jumatatu umekauka."

"Rudisha brashi yako kwenye mfuko."

"Mama, ni saa moja tu ya kazi."

"Huo wino ukiupaka rangi juu utapenya. Wiki mbili tu unachungulia wa kijivu, kama maiti asiyezikwa vizuri. Hilo hata mtoto wa ngazi anajua."

"Basi ufute wewe kwanza. Umefuta mji mzima, mlango wako unakushinda?"

Leokadia alikata keki. Mirosława si mjinga, alimtazama mama yake, kisha akashusha sauti. "Mama. Mwaka ni mwaka. Tutaandika nini? Au tuache mlango bila baraka kwa sababu ya makapeni?"

Na hapo ndipo shida ilipokuwa, wala Leokadia hakuhitaji kuambiwa. Akiacha, nyumba itaingia mwaka mpya ikiwa na mwaka uliokufa mlangoni, na yeye hakuwa mtu wa kucheza na mambo hayo, hasa mwaka ule. Akifuta, atakuwa amefuta mwandiko wa mwisho wa mkono wa Zenon, na mkono ule hautaandika tena.

Zenon alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Akakohoa. Akainua mkono wa kushoto, akaelekeza mlangoni.

"Futa," alisema. Akapumua. "Lonia. Futa."

"Unaona? Hata baba anasema."

Lakini Leokadia alikuwa ameuona uso wake. Hakuwa anasema futa kama zamani, kwa mdomo uliopinda kwa kejeli. Mdomo sasa ulipinda wenyewe. Alikuwa amemtazama Mirosława, aliyekuwa na mikono miwili mizima, kisha akautazama mkono wake wa kulia, kisha akatazama sakafu. Alikuwa anawapisha. Kwamba mwingine aandike sasa, yamekwisha.

"Nani kakuuliza, mzee?" Leokadia alifoka, na machozi yakamfika puani, akayarudisha. "Mwaka mzima nakwambia ufute wewe, leo ndiyo unanituma? Mirka, nipe chupa iliyo chini ya sinki. Na vile vijiti vya pamba vya masikio. Na fulana, ile ya mistari."

Alivuta stuli nje ya mlango akaketi, miwani puani. Kwanza alijaribu tone moja pembeni ya chini, mahali pasipoonekana, akangoja, maana rangi ni kama mkwe, hata ukiijua unabisha hodi kwanza. Rangi ilivumilia. Kisha akachovya kijiti, akakikamua kisichirizike, akakigusisha.

Mirosława alisimama nyuma yake akitazama. "Mama, umeanzia mwishoni."

"Naanzia ninapotaka."

Aligusa, akainua. Kijiti kikawa cheusi, akakitupa, akachukua kingine. Alikuwa anaondoa tarakimu moja, ile ya mwisho kabisa, ile nne. Nyingine zote, herufi na misalaba na tarakimu tatu za mwanzo za mwaka, alizifunika kwa fulana na kiganja cha kushoto zisiguswe na hata mvuke. Kwa kazi ya ukuta wa ngazi angemaliza kwa dakika tano. Hii ilimchukua saa nzima na vijiti arobaini, mgongo ukamuuma, keki ikakauka mezani. Nne ikawa ya kijivu, ikawa kama moshi.

"Bado kuna kivuli," alisema Mirosława.

"Nakiona. Macho ninayo." Akafunga kizibo cha chupa. "Inatosha."

Jumatatu, baada ya misa, Mirosława alileta chaki, ameishika mkononi njia nzima. Walimsimamisha Zenon mlangoni, binti kwapa moja, mke kiunoni. Leokadia akaiweka chaki katika mkono wa kushoto, akavifunga vidole juu yake kimoja kimoja.

"Si... siwezi."

"Tarakimu moja, Zenek. Tano. Kofia, shingo, tumbo. Kazi ngumu uliifanya mwaka jana, na chaki umeikalia."

Zenon akacheka, sauti ya kwikwi, na chaki ikaugusa mlango akiwa bado anacheka. Kofia ikaenda mbinguni. Tumbo likatoka kubwa, likagonga ukingo wa mlango. Vumbi jeupe juu ya mlango mweupe lingeonekana kwa shida, ila pale chini yake palikuwa na ule moshi wa nne, na juu ya moshi ule tano ilionekana.

"Kama ndoano ya samaki," alisema Leokadia.

"Ba... bata," alisema Zenon, akaitazama kwa makini. "Bata mlevi."

Mlango wa pili ukafunguka. Bi Kazimiera alitoka amevaa koti la sikukuu, akasimama, akakaza macho. Herufi nyeusi za mwaka jana, tarakimu ya chaki ya mwaka huu, na kivuli katikati.

"Haa! Bi Leokadia! Miaka yote hiyo, na sasa hivi nini? Wino umekushinda?"

Leokadia Pyzik alikuwa ameshindwa na watu mara chache sana, na neno hilo hakuwahi kulisema, si mbele ya mkubwa wa kazi, si mbele ya mumewe, wala mbele ya padre kwenye kitubio. Mkono wake ulikuwa bado umekizunguka kiuno cha Zenon, naye aliuhisi uzito wake wote, mzito na wa moto.

"Umenishinda, jirani," alisema. "Ingia, kuna keki."