Mafuta ya Chura

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni, siku ya Jumanne, nilisimama mbele ya mpira kwenye uwanja wa gofu wa maofisa, upande unaoteremka kuelekea Ziwa Singidani. Niliinua fimbo, nikaishusha kwa nguvu zilezile za siku zote, na mpira ukabingirika hatua nne, ukasimama. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Nilikuwa na daftari dogo katika mfuko wa shati, na saa ya pigo la kwanza sikuacha kuiandika hata siku moja.

Nilidhani ni bahati mbaya. Pigo la pili fimbo ilipita juu ya mpira, ikakata upepo mtupu. La tatu liliugusa utosini, ukaruka kama panzi na kutua mbele ya miguu ya Bwana Injinia, mkubwa wangu wa kazi. Aliutazama, akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba hata yeye huwa na siku kama hizo. Haikuwa siku. Zilikuwa wiki.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, nami nilikuwa karani katika ofisi ya maji, umri wangu miaka thelathini na sita. Shule niliishia darasa la nne. Yaliyobaki nilijifunza mwenyewe: Kiingereza, upigaji chapa, hesabu za mabomba na matangi. Gofu pia nilijifunza kwa njia hiyo. Katika rafu ya ofisi palikuwa na kitabu chenye picha za mtu akizungusha fimbo, hatua kwa hatua, nacho nilikisoma mwaka mzima wakati wa chakula cha mchana. Jioni nilifanya mazoezi kwa tawi lililopinda, nyuma ya nyumba yangu Mandewa, kwenye mabua ya uwele. Siku moja Bwana Injinia alinikuta. Maofisa walikuwa wamebaki watatu, wa nne amekwenda likizo Ulaya, na mchezo wao ulitaka watu wawili kila upande. Akanipa fimbo nne za zamani. Nikacheza nao miezi minane, na nisiwe mwongo kwa unyenyekevu: nilicheza vizuri kuliko wawili kati yao.

Mwafrika mwingine kwenye uwanja ule alikuwa mmoja tu, mtunza uwanja. Alinizidi miaka kama kumi. Majani ya Singida hayatoshi kufanya zulia, kwa hiyo kuzunguka kila shimo palimwagwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiupeperushe. Kazi yake ilikuwa kuusawazisha mchanga huo kwa gunia lililofungwa kwenye mti, kufyeka vichaka, na kutunza fimbo zetu bandani. Alikuwa Mnyiramba, aliyewahi kufanya kazi katika machimbo ya dhahabu kwao. Mimi ni Mnyaturu wa Mtinko. Kwa hiyo tulikuwa watani.

Asiyejua utani wa kwetu nimweleze kidogo. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya watoto wako, kukuvua kofia akaivaa, kujitwalia kuku wako akampikia mkewe, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Anaweza kujisingizia kosa lolote dhidi yako, hata la kukuua. Unacheka, unamrudishia, mambo yamekwisha. Sharti ni moja: mtani hashtakiwi. Sharti hilo hakuna aliyeliandika, na hakuna asiyelijua.

Mimi kila nilipofika nilimwuliza, "Mtani, umeshapata dhahabu humo mchangani?"

Naye alijibu, "Ningeipata ningekununua wewe unibebee gunia. Mnyaturu akishashiba mlenda anajiona gavana."

Pigo langu lilipoharibika alifurahi kama aliyepewa sikukuu ya ziada.

"Karani," alisema siku ya pili, akiegemea mti wake wa kuburuzia, "mpira umetulia hapo kama mama mkwe. Mbona unaupigia hodi tu, huingii?"

Nilicheka. Lakini nilikuwa nimeanza uchunguzi. Katika daftari nilichora safu: mwelekeo wa upepo, aina ya fimbo, mshiko, umbali wa miguu, nilichokula mchana. Kila jioni nilibadili jambo moja tu na kuacha mengine yalivyo, kama nilivyosoma kwamba wataalamu hufanya. Nilishika juu, nikashika chini. Nilisogea karibu na mpira, nikarudi nyuma. Nilijaribu kwa jicho moja. Wiki mbili zilipita, na katika kila mapigo kumi, manane yalikwenda juu ya mpira au yaliugusa utosini.

Jambo lililofanya nisilale vizuri lilikuwa mechi. Maofisa wa mji wa jirani walikuwa wanakuja, na Bwana Injinia alikuwa ameandika jina langu kwenye karatasi iliyobandikwa bandani, la nne, chini ya majina matatu ya Kizungu. Makarani wenzangu walikwenda kulitazama kwa zamu. Sasa nilisikia Bwana Mifugo, ambaye hakujua kucheza, ameombwa akae tayari.

Ijumaa ya wiki ya tatu nilikosa mapigo saba mfululizo. Mtani alikuwa karibu, pamoja na vibarua wawili wa barabara waliokuja kuomba maji. Alitua gunia lake akasema kwa sauti ya mtu anayetubu:

"Basi nimeshindwa kuficha. Jamani, huyu Mnyaturu msimwonee. Ni mimi. Nimezipaka fimbo zake mafuta ya chura."

Vibarua wale walicheka mpaka mmoja akamwaga maji. Chura ana mafuta wapi? Nami nilicheka, nikamwambia kwamba kwao Iramba chura ndiye kitoweo cha harusi. Nakumbuka kicheko changu. Kilikuwa cha kweli.

Kesho yake asubuhi, ofisini, Bwana Injinia aliweka kalamu chini akaniuliza, kwa Kiingereza, kama nimeshajua sababu. Ungekuwa mwisho mwema kama ningejibu "bado". Lakini nilikuwa na karatasi ile ya bandani kichwani, na safu za daftari zisizo na jibu. Mtu aliyezoea kujibu kila swali huona aibu kubwa kusema hajui. Nikamjibu, "Sijapata sababu, bwana. Lakini mtunza uwanja anasema alizipaka fimbo zangu mafuta."

"Amesema hivyo mwenyewe?"

"Ndiyo, bwana. Mbele ya watu."

Kila neno lilikuwa la kweli. Niliacha neno "chura" na niliacha kicheko. Katika kutafsiri huwa siruki maneno. Barua za wakulima kuhusu visima nilizitafsiri miaka mingi bila kuangusha hata salamu. Siku hiyo niliangusha mawili, na niliyachagua.

Jioni tulikwenda uwanjani. Bwana Injinia alichukua fimbo yangu, akapitisha kidole kwenye ngozi ya mshikio. Ilikuwa na utelezi. Fimbo zote zilikuwa na utelezi, maana mikono iliyozitunza ndiyo iliyosawazisha mchanga wa oili. Lakini zile nyingine hakuzigusa. Akamwita mtani kwa Kiswahili chake cha boma.

"Wewe natia mafuta kwa fimbo ya karani?"

Mtani alinitazama kwanza. Uso wake ulichangamka. Naamini alidhani nimemwingiza Mzungu katika utani wetu, na kwamba hilo lilikuwa jambo kubwa na zuri. Akasimama wima kama askari.

"Ndiyo, bwana! Mafuta ya chura!"

Akacheka. Bwana Injinia hakucheka. Alisema mtu anayeharibu vitu vya watu na kujisifia hafai kazi, achukue malipo ya siku zake na asionekane tena pale. Mtani aliendelea kutabasamu kitambo kidogo, akinitazama, akingoja niseme sentensi moja. Alingoja kama mtu anayengoja chenji dukani, bila wasiwasi. Mimi nilifungua daftari, nikasoma mwelekeo wa upepo wa juzi.

Alikunja gunia, akaliweka bandani mahali pake, akaondoka kwa njia ya ziwani. Mshahara wake ulikuwa shilingi arobaini na tano kwa mwezi, na kodi ya kichwa ilikuwa inakaribia. Hayo yote niliyajua, kwa sababu orodha ya mishahara niliipiga chapa mimi.

Siku ya nne baada ya hapo soli ya kiatu changu cha kushoto ilibanduka. Nilikipeleka kwa fundi sokoni, nikaenda uwanjani na katambuga zangu za tairi, zile nilizochezea miezi minane ya kwanza. Pigo la kwanza mpira ulipaa. Niliutazama ukivuka shimo la kwanza, ukadunda, ukapotea vichakani. La pili vilevile. La tatu vilevile.

"Unaona?" alisema Bwana Injinia, akinipiga begani. "Tumemwondoa yule mtu, na pigo limerudi."

"Ndiyo, bwana," nilisema.

Nilikuwa sijajua bado, na hilo tu ndilo naweza kujitetea nalo. Jumamosi nilichukua viatu kwa fundi, nikaenda uwanjani peke yangu mchana, jua kali, wakati hakuna mchezaji. Nilipiga mara kumi kwa katambuga: tisa zikaenda sawa. Nikavaa viatu, nikapiga mara kumi: mbili. Nikarudia. Kisha nilikaa chini, nikatoa rula ya ofisi, nikapima kisigino. Robo tatu ya inchi. Viatu vile nilivinunua kwa shilingi thelathini na nane siku moja kabla ya Jumanne ile, duka la Mhindi, kwa sababu niliona haya kusimama na maofisa katika katambuga. Vilininyanyua kutoka ardhini kwa robo tatu ya inchi, na fimbo ikapita juu ya mpira kwa kiasi hichohicho. Katika daftari palikuwa na upepo, mshiko, ugali na maharage. Viatu havikuwamo. Nilikuwa navipenda mno kuvishuku.

Ningeweza kwenda siku hiyohiyo nyumbani kwa Bwana Injinia na kumwonyesha rula. Badala yake nilimpelekea fundi viatu avipunguze kisigino. Nilicheza mechi nimevaa viatu vilivyopunguzwa, tukashinda kwa shimo moja, nikapewa chai katika kikombe kama chao. Chai ile niliinywa yote.

Nilinyamaza miezi miwili na nusu. Kila nilipotaka kusema niliona kwamba nitaulizwa kwa nini sikusema mapema, na kila siku iliyopita ililifanya swali hilo kuwa zito zaidi. Ndipo nilipokwenda kwetu Mtinko kumwona mama, na siku ya mnada nikamkuta mtani amesimama na kamba mkononi. Kwenye kamba walikuwa mbuzi wawili majike, mmoja ana mimba. Mnunuzi alikuwa anatoa shilingi kumi na nne kwa kila mmoja. Mbuzi kama wale walikuwa wa shilingi ishirini, lakini muuzaji mwenye karani wa kodi mgongoni habishani sana.

Nilimsogelea. Sikujua nianze na dhahabu au na nini. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane nilimwambia, "Shikamoo."

"Marahaba," alisema. "Habari za kazi, bwana karani?"

"Nzuri. Za nyumbani?"

"Tunashukuru Mungu."

Hakuna zaidi. Hakusema mlenda, hakusema gavana. Alipokea fedha zake, akaniaga kwa adabu, akaenda.

Jumatatu nilimweleza Bwana Injinia yote: kisigino, chura, watani. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema ni kisa cha ajabu, kwamba ningepaswa kusema mapema, na kwamba mtunza uwanja mpya anafanya kazi vizuri na si haki kumwondoa. Hapo alikuwa sahihi. Alichoweza kufanya, na alikifanya, ni kuandika barua ya sifa. Kwa barua hiyo mtani alipata kibarua cha barabara mwanzoni mwa mwezi uliofuata, baada ya miezi mitatu kamili bila mshahara. Mimi sikucheza tena. Niliwarudishia fimbo zao nne, nikasema nina maumivu ya bega.

Kisha nilipiga hesabu, maana ndiyo toba ninayoijua. Nilikusanya fedha miezi mitano, nikamfuata kambini kwao barabarani, nikaziweka mezani: miezi mitatu ya mshahara, na kilichopunguka kwenye bei ya mbuzi wawili. Nilimwambia nilivyomtafsiri kwa Mzungu, neno kwa neno, pamoja na yale mawili niliyoyaacha.

Alizitazama fedha bila kuzigusa.

"Ningekuwa mtani wako," alisema, "ningezichukua zote, na hilo koti pia ungerudi bila. Lakini mtani hashtakiwi. Wewe ulinishtaki. Basi sisi sasa ni watu tu, bwana karani, na mimi fedha za watu sichukui."

Nilimsihi. Akaniletea maji ya kunywa kwa mikono miwili, kama anavyoletewa mgeni, akanisindikiza hadi barabarani.

Fedha zile niliziweka posta, katika kitabu cha akiba cha peke yake, nikidhani ipo siku ataniita jina baya na kuzidai. Nina miaka hamsini kasoro miwili sasa. Kitabu ninacho. Sijaongeza kitu humo, wala sijatoa: alichopoteza yeye, nilichokusanya mimi, shilingi mia moja arobaini na saba.