Programu ya Pamba Niliyoifuta

Kampuni yetu ya programu hapa Kambarage, Shinyanga, ilikuwa na bidhaa nyingi mno, na bosi wetu Mama Neema akanipa kazi ya kuzipunguza. Februari nikazikagua. Ya wanunuzi wa dhahabu ilitumika kila siku, nikaiacha. Ya vituo vya kununulia pamba ilikuwa haijaguswa na mtu kwa miezi, nikaifuta, nikajiona mtaalamu wa kimataifa.

Juni simu zikamiminika. Msimu wa pamba umeanza, vituo vimefunguliwa, wakulima wamepanga foleni na mafurushi yao, programu haipo. Mama Neema akaniita mbele ya wenzangu.

“Kwenu wapi?”

“Didia.”

“Wazazi wanalima nini?”

Nikaviangalia viatu vyangu.

“Pamba, Mama Neema.”