Nauli ya Mwezi wa Saba kwenda Napoli

Siku ya kwanza kazini nilifika kabla ya mwenye ufunguo. Ofisi ilikuwa chumba kimoja mjini Kilosa, si mbali na stesheni, na juu ya mlango paliandikwa kwamba tunakata tiketi za ndege za kwenda popote duniani. Wapita njia walikuwa wakisoma na kucheka, maana ndege walizozijua ni zile zinazopita juu bila kusimama. Mimi nilikuwa na darasa la saba na mwandiko mzuri. Mwandiko ndio ulionipa kazi.

Karani Mkuu alipofika nikampa shikamoo.

"Marahaba. Unajua Napoli iko wapi?"

"Sijui, mzee."

"Vizuri. Aliyekuwepo kabla yako alijidai anajua, akampeleka padri wa watu kusikojulikana. Napoli ni mji wa Italia, uko pwani ya Bahari ya Kati. Kaa hapa."

Akaniwekea mbele kitabu cha nauli, kinene kama tofali la kuchoma. Siku hizo hatukuwa na kompyuta. Mteja akitaja mji, tulitafuta nauli kitabuni, kisha tukapiga simu Dar es Salaam kuomba wamshikilie nafasi, yaani kiti chake kiandikwe jina kabla hajalipa. Kiti kilishikiliwa siku chache tu. Mteja akichelewa kinarudi sokoni, na wewe unaanza upya.

Kabla ya mchana nilishapenda kazi ile. Niliandika majina ya miji ambayo sikuweza kuyatamka, na kila jina lilinisisimua kama habari njema. Karani Mkuu aliniona natabasamu peke yangu.

"We Hamisi, unacheka na nani?"

"Na huu mji wa Marsei, mzee."

"Haya. Lakini usije ukadhani unauza mji. Miji haihami. Uza tarehe. Ukikosea tarehe umeharibu kila kitu."

Nawaeleza vijana wanaoanza kazi hii kile alichonifundisha, kwa sababu simu zenu zinawaonyesha bei bila kuwaambia kwa nini. Viti vya ndege moja haviuzwi bei moja. Vimepangwa kama ngazi. Kipandio cha chini ni nafuu na viti vyake ni vichache. Vikiisha, anayefuata anapanda kipandio cha pili, na kuendelea. Miji ya Bahari ya Kati ngazi yake hupanda haraka sana mwezi wa saba na wa nane, kwa kuwa Wazungu wote wanafunga shule na kukimbilia ufukweni. Kuanzia katikati ya mwezi wa tisa wanarudi makazini, na bei inashuka nao.

Shida ya Kilosa ni kwamba fedha zetu zinakuja baada ya mavuno. Mtu wa Kimamba au Mamboya anauza mazao yake mwezi wa sita au wa saba, anatia fedha mfukoni, anakuja ofisini akiwa na furaha, na mimi namtazama nikijua amefika siku mbaya kuliko zote. Kwa hiyo tulijifunza kuwafuata watu wakati wa masika, tope likiwa magotini, tukiwaambia wakate tiketi ya safari ya kiangazi. Wengi walituona wendawazimu. Wachache waliosikia walisafiri kwa nauli nzuri, wakatuletea wengine.

Baada ya miaka mingi nilihamishiwa tawi la Mikumi. Huko kulikuwa na watalii wa mbugani waliotaka kubadilisha safari, wafanyakazi wa hoteli, na wazazi wenye watoto walioolewa mbali. Kompyuta ilishafika. Meneja wa Tawi, kijana aliyesoma, alinikuta naibonyeza kwa kidole kimoja.

"Mzee Hamisi, una vidole kumi."

"Tisa vinapumzika, bosi."

Alicheka, akaniacha. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akiniita mimi kila bei inapomshinda. Nilikuwa hodari, nasema bila kujivuna, na uhodari huo ndio ulionifanya nikosee vibaya.

Ilikuwa mwezi wa tano, saa nne asubuhi. Aliingia mama mmoja wa Kimamba tuliyemwita Mama Tatu. Binti yake, Tatu, aliwahi kufanya kazi hoteli moja hapo Mikumi, akaolewa, akahamia Napoli. Alikuwa amemtumia mama yake fedha za nauli. Viza ilikuwa tayari, ya siku tisini, na ingeweza kutumika kuanzia mwezi wa sita hadi mwisho wa mwaka. Niliuona huo mwezi wa sita. Sikuuliza kitu.

"Unataka kwenda lini, mama?"

Aliangalia benchi la wateja. Palikuwa na vijana wawili wa hoteli na mama mwingine, jirani yake wa mtaa mmoja.

"Nakwenda kumsalimia mwanangu tu. Wewe ndiye mtaalamu, niangalie ilipo nafuu."

Niliposikia neno nafuu nikawa kama mbwa aliyeona sungura. Nikapekua wiki baada ya wiki, nikashuka ngazi nzima, nikakuta kipandio cha chini kabisa, Jumatano ya mwisho ya mwezi wa tisa, kupitia Istanbul. Nikapiga meza kwa furaha.

"Mama, umepata bahati! Mwezi wa tisa."

"Hakuna ya mapema kidogo?"

"Ya mapema ya nini? Mwezi wa saba kule ni jua kali, na nauli nayo inaunguza. Mtoto wa kumsalimia hakimbii."

Vijana wa benchi wakacheka. Mama Tatu akakunja ncha ya kanga yake, akasema taratibu, "Basi, kama ndiyo hiyo." Nikaikata tiketi. Akaondoka bila kuiangalia tarehe, na mimi nikakaa najisifu moyoni hadi saa nane.

Wakati huo mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa na meza ya viungo sokoni Mikumi. Ni marehemu sasa, huu ni mwaka wa pili. Kila siku saa nane aliniletea chakula ofisini, akaketi nikila, akinisimulia ya sokoni. Siku hiyo Meneja alikuwa amekwenda kwenye mkutano katika hoteli moja ya mbugani, na benchi lilikuwa tupu.

"Leo nimeuza pilipili manga kilo nzima kwa mtu mmoja," akasema. "Mama Tatu wa Kimamba. Binti yake anajifungua lini?"

"Nani kakwambia anajifungua? Mama anakwenda kusalimia tu, mwezi wa tisa."

Mke wangu akaacha kufunua bakuli.

"Baba Zuhura. Kilo nzima ya pilipili manga, na kanga kuukuu sita amezifunga pamoja, ni za kusalimia? Ananiambia anatafuta mtu wa kumtangulizia mzigo. Kwa nini mzigo umtangulie?"

Nikaacha kutafuna. Sote tunajua pilipili manga ya kiasi hicho inakwenda kwenye uji wa mzazi. Binti akijifungua mtoto wa kwanza, mama yake anakwenda kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji na kumshikia mtoto hadi arobaini iishe. Na sote tunajua mimba haitajwi mbele za watu, seuze mbele ya jirani aliyekaa benchini. Mimi niliyejua ngazi zote za nauli nilikuwa nimemuuliza swali la siri mbele ya hadhara, kisha nikamfanya achekwe.

Tiketi ya bei ya chini ikishakatwa haibadilishwi wala fedha hairudi. Pana mwanya mmoja tu. Siku ileile, kabla makao makuu hayajafunga mauzo saa kumi na moja jioni, wakala anaweza kuifuta ikawa kama haikuwepo. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika ishirini. Nikampigia Mama Tatu. Hapatikani, alikuwa ndani ya basi njiani kuelekea Kilosa, sehemu ambazo mtandao unakatika.

"Mpigie binti," mke wangu akasema. "Namba si unayo hapo?"

"Nimpigie mke wa mtu nimuulize tumbo lake lina miezi mingapi?"

"Lete simu."

Nikapiga namba ya Napoli, nikampa. Akajipanga kana kwamba anahudumia mteja mezani kwake.

"Tatu mwanangu, hujambo? Mimi Mama Zuhura, nauza viungo soko la Mikumi, mke wa Mzee Hamisi wa tiketi. Mama yako kachukua pilipili manga kwangu. Nimwongezee na tangawizi, au bado mapema?"

Nikasikia sauti ya binti ikicheka na kulia kwa pamoja.

"Shikamoo mama. Mwongezee. Isipite tarehe kumi mwezi wa saba. Kaniambia kapata ya mwezi wa tisa, nikakosa la kusema. Huku sina mtu, mama. Mume wangu yupo melini, anarudi mwezi wa kumi."

"Marahaba. Nyamaza basi, usijilize. Anakuja."

Akanirudishia simu, akaniangalia. "Nimeshamwahidi. Fanya hiyo kazi yako."

Sasa sikilizeni ugumu wake. Mfumo haukubali jina moja lishikilie safari mbili zinazofanana. Mfumo ukiona hivyo unafuta zote. Ilinibidi kufuta kwanza, kisha nikakamate kiti cha mwezi wa saba, na viti vya nauli ambayo Tatu angeiweza vilikuwa viwili tu duniani. Aliyekaa ofisi yoyote, nchi yoyote, angeweza kuvichukua nikiwa katikati. Na kufuta kulihitaji kibali cha Meneja, ambaye simu yake ilikuwa imezimwa mkutanini.

Nikafuta. Nilipobonyeza kukamata kiti cha Julai, mtandao wa kompyuta ukakatika.

Mke wangu alianza kunong'ona Bismillahi. Nikapiga simu Dar es Salaam, kwa Mkuu wa Tiketi, mama ambaye mawakala wote tulimwogopa.

"Hamisi, naona umefuta tiketi. Meneja wako amekubali?"

"Hajui bado, mama."

"Kwa hiyo umejichongea jeneza mwenyewe."

"Ndiyo, mama. Lakini huyu anakwenda kumpokea mjukuu wa kwanza, na mimi nimempa mwezi wa tisa."

Nikasikia mbofyo wa kompyuta yake.

"Mtoto anakuja lini?"

"Tarehe kumi ya mwezi wa saba."

"Mtoto wa kwanza hajui kalenda. Jumatano tarehe mbili kimebaki kiti kimoja. Cha pili kimeondoka sasa hivi, nakiangalia. Taja jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na usikohoe."

Nikataja. Sijawahi kutaja jina la mtu kwa uangalifu namna ile. Aliposema "Nimekishika," mke wangu alipiga kigelegele, mle mle ofisini, mpaka mshona viatu wa nje akachungulia dirishani kuuliza nani ameolewa.

Tofauti ya nauli Tatu aliilipa kabla ya saa kumi. Mama Tatu nilimpata alipoteremka Kilosa. Nilimwambia tarehe mpya tu, nikamwomba radhi. Akauliza, "Ni Mama Zuhura, siyo?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mungu amweke," akakata simu.

Alisafiri. Alifika Napoli siku ya Alhamisi na mtoto alizaliwa Jumapili, siku nne kabla ya tarehe, msichana. Aliporudi alituletea picha, amempakata mjukuu, dirishani nyuma yake bahari ni ya buluu sana. Alisema majirani wa ghorofa lile walikuwa wakigonga mlango kuuliza ni chakula gani kinanukia hivyo, na kwamba mmoja wao alikunywa uji ule bakuli mbili ilhali hakuzaa.

Kuanzia siku ile niliacha kuanza na swali la lini. Nilimtoa mteja benchini, nikamketisha pembeni, nikamuuliza nani anamsubiri huko. Watu walinieleza mambo mengi, na tarehe ilijitokeza humo humo. Vijana wanaonipigia sasa kuniuliza mwezi gani Napoli ni nafuu nawajibu, mwisho wa mwezi wa tisa, kisha nawaambia wamuulize mteja kwanza.

Lakini sikuyaandika haya ili kufundisha tu. Jioni ile Meneja aliporudi alikasirika, akasikiliza, akapoa. "Umejuaje, Mzee Hamisi?" Nikasema, "Uzoefu, bosi." Neno lilinitoka tu. Akaandika barua ya kunisifu kwenda makao makuu, na kwa barua ile nilipandishwa kuwa mwalimu wa mawakala wa matawi, cheo nilichostaafu nacho. Nilipomsimulia mke wangu alicheka hadi akashika ukuta. "Haya, Bwana Uzoefu, karibu ule."

Nilidhani nitasahihisha siku moja. Siku ya kuagwa kwangu Meneja aliisoma barua ile mbele ya watu wote. Mke wangu alikuwa mstari wa mbele, amevaa gauni jipya, akapiga makofi kuliko yeyote. Nikapewa kipaza sauti. Niliwashukuru wakubwa wangu mmoja mmoja kwa vyeo vyao, nikakaa.

Aliyejua alikuwa mke wangu, Mwanaidi, muuza viungo, soko la Mikumi.