Neno Juu ya Mfuko wa Shati

"Shangazi, hili neno maana yake nini?"

Aliyeuliza alikuwa binti wa kaka yake, bado ana pengo la meno ya mbele, kidole kikigusa herufi za bluu juu ya mfuko wa shati: *helpful*. Shangazi alikuwa fundi cherehani asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji. Aliwadarizia wafanyakazi wa duka kubwa mashati ya kazi, akinakili herufi moja moja kwa mkono. Akasema ngoja kwanza amalize oda, wenye duka hawana dogo.

Kwenye kiti cha pembeni alikaa mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kijiti kwa wembamba wake. Macho ya mama yalishaanza kuchoka, basi Kijiti ndiye mtunga uzi. Haombwi. Sindano ikibaki tupu, nyingine iko tayari mkononi mwake, na mdomo nao haupumziki: mara jirani kakimbizwa na bata wake mwenyewe, mara hivi, mara vile, na mama hucheka mpaka mshono unapinda.

Kisha Kijiti akaenda nchi za mbali kutafuta maisha. Alisema atarudi mambo yakikaa sawa. Miaka ikapita, mambo hayajakaa.

Binti akafika sekondari, akaja na jibu mwenyewe: neno lile ni la mwenye kusaidia, na wenye lugha yao hulitumia kwa mtu, kwa kitu, hata kwa ushauri. Shangazi aliitikia tu, jicho likiwa mlangoni. Kijiti alikuwa amepiga simu kwamba Jumamosi mama atapata mgeni. Shangazi akajua ni yeye mwenyewe, anamtania. Akafua mashuka, akapangusa kile kiti.

Mgeni akaja: mwenzake Kijiti wa kazini, na kifurushi. Ndani mlikuwa na kidude cha kutungia uzi. Unakibonyeza, uzi unapita. Binti akakijaribu, akafurahi, akasema basi na hiki kinastahili lile neno.

Shangazi akakipokea, akatunga uzi, akashona kidogo, akakilaza juu ya kiti kitupu.

"Kinasaidia, mwanangu, sikitii ila. Lakini mimi neno lile nililidarizi nikimwangalia mtu anayenitungia uzi, halafu haondoki. Anakaa hapo, ananipigia porojo mpaka shati linaisha."